Katriji ipi ya santuri? Ulinganisho unaoanza kabla ya kusikiliza

Usiku ule nilikuwa na katriji mbili za sindano ya santuri mezani, bisibisi ndogo kama ya fundi saa, na santuri moja ninayoijua mpaka mikwaruzo yake. Nikafunga katriji ya kwanza, nikasikiliza wimbo wa pili upande A. Nikaifungua, nikafunga ya pili, nikarudia wimbo uleule. Ya pili ikaniteka papo hapo: besi imejaa, mwimbaji amesogea mbele, matoazi yanameta. Hata sikungoja wimbo uishe. Ile ya kwanza nikampa mdogo wangu, nikabaki najisifu kwamba nina sikio.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa kwake, akaweka santuri ambayo hata mimi ninayo. Besi imejaa. Mwimbaji yuko mbele.

"Umeifanya nini hii?" nikamuuliza.

"Sijaifanya kitu, kaka. Nimeongeza sauti tu."

Nikarudi nyumbani kusoma vikaratasi vya katriji zote mbili, ambavyo nilikuwa nimevitupa ndani ya boksi bila kuvifungua. Ya kwanza, Audio-Technica AT-VM95E, hutoa milivolti 4.0. Ya pili, Ortofon 2M Red, hutoa milivolti 5.5. Tofauti hiyo ni karibu desibeli 3, na usiku ule sikugusa kitufe cha sauti hata mara moja. Mtu akisikilizishwa kitu kilekile mara mbili, cha pili kikiwa juu kidogo, atakwambia cha pili ni kizuri zaidi. Kwamba kiko juu hataling'amua. Nilichokuwa nimelinganisha kwa bidii yote ile ni sauti kubwa na sauti ndogo.

Ndiyo maana makala hii inaanzia kwenye karatasi, masikio yatafuata baadaye. Katriji ni kile kijisanduku kinachokaa kwenye ncha ya mkono wa mashine ya santuri, ndicho chenye sindano. (Ukiitafuta mtandaoni kwa jina hilo pekee utaletewa wino wa printa, ongeza neno "santuri".) Kijisanduku hicho hakina sauti yake peke yake. Unachosikia ni katriji pamoja na mkono ulioibeba, nyaya, priampu inayoikuza na utulivu wa vidole vilivyoifunga. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo, umebadilisha jibu.

Karatasi tatu kando kwa kando

Nimechagua katriji tatu zinazotajwa sana na zinazotofautiana vya kutosha. Ya tatu, Denon DL-103, ni mzee wa ukoo: ilibuniwa miaka ya 1960 kwa kushirikiana na NHK, shirika la utangazaji la Japani, ili itumike studioni, na mpaka leo bado inatengenezwa.

| | AT-VM95E | 2M Red | DL-103 |
|---|---|---|---|
| Aina | sumaku inayocheza | sumaku inayocheza | koili inayocheza |
| Volti inazotoa | mV 4.0 | mV 5.5 | mV 0.3 |
| Umbo la sindano | duaradufu | duaradufu | koni |
| Uzito wa katriji | g 6.1 | g 7.2 | g 8.5 |
| Mkandamizo wa sindano | g 2.0 | g 1.8 | g 2.5 |
| Ulegevu wa kijiti | 7 (kwa hezi 100) | 20 (kwa hezi 10) | 5 (kwa hezi 100) |
| Sindano hubadilishwa na mtumiaji? | ndiyo | ndiyo | hapana |

Jedwali limepangika, sivyo? Hapo ndipo penye mtego. Mistari miwili kati ya hii inalinganishika moja kwa moja: uzito na mkandamizo, kwa sababu gramu ni gramu popote. Mingine inataka uangalie kwanza rula iliyotumika.

Chukua mstari wa ulegevu. Kijiti kinachobeba sindano kimeshikwa na mpira, na ulegevu ni jinsi kinavyokubali kusukumwa. Ukisoma 7 upande mmoja na 20 upande wa pili, utasema ya pili ni laini karibu mara tatu. Lakini mpira ukitikiswa polepole hulegea kuliko ukitikiswa kwa kasi. Kampuni nyingi za Japani hupima kwa hezi 100 (mitikiso 100 kwa sekunde), za Ulaya kwa hezi 10 hivi. Ukitaka kuzikutanisha, watu wa fani hii huzidisha namba ya hezi 100 kwa kitu kati ya 1.5 na 2. Kwa hiyo 7 ya VM95E inakuwa kama 12 au 13, na 5 ya Denon inakuwa 8 mpaka 10. Tofauti bado ipo, ila si ya mbingu na ardhi.

Volti nazo zina rula zake. Kipimo cha kawaida huchukuliwa sindano ikisukumwa kwa kasi ya sentimita 5 kwa sekunde, lakini wako wanaotumia 3.54. Katriji inayotangaziwa milivolti 3.5 kwa kipimo cha pili ni sawa kabisa na inayotangaziwa milivolti 4.9 kwa kipimo cha kwanza. Soma yale maandishi madogo chini ya namba.

Kuhusu masafa ya sauti, mimi huwa nauruka mstari huo, na sikuuweka kwenye jedwali makusudi. Karatasi ya 2M Red inataja mpaka hezi 22,000. Ya DL-103 yenye sindano ya koni inataja mpaka hezi 45,000. Ungefuata namba hizo ungesema Denon ndiyo kali kwenye sauti za juu, na kila aliyeisikiliza atakushangaa, maana inapendwa hasa kwa uzito wa sauti zake za kati. Namba ya masafa isiyotaja inapanda au kushuka kwa desibeli ngapi njiani haisemi chochote.

Je, inaoana na mkono wako?

Swali hili ndilo ningelitanguliza kuliko yote, na ndilo wanunuzi wengi hukutana nalo wakati katriji imeshafungwa na sindano inarukaruka.

Mkono una uzito wake wa mwendo, katriji ina uzito wake, na kijiti kina ulegevu wake. Vikikutana, vinakuwa kama gari juu ya springi: kuna kasi fulani ambayo mfumo mzima hupenda kuyumba. Santuri iliyopinda huusukuma mkono juu na chini kwa hezi chache tu, chini ya 5 au 6. Muziki unaanzia hezi 20. Unataka ule mtetemo wa asili uangukie katikati, kati ya hezi 8 na 12, pasipo na kitu cha kuuamsha.

Hesabu yake haitishi. Jumlisha uzito wa mkono, wa katriji na wa skrubu. Zidisha kwa ulegevu. Tafuta kipeuo cha pili. Kisha gawa 159 kwa jibu hilo. Tuseme mkono wako ni wa gramu 10, kama ilivyo mingi ya wastani. Kwa 2M Red, pamoja na skrubu, jumla ni gramu 18. Mara 20 ni 360, kipeuo chake ni karibu 19, na 159 gawa kwa 19 ni hezi 8.4. Imo ndani. Kwa VM95E, jumla ni gramu 17, ulegevu uliosawazishwa ni 13, jibu ni hezi 10.7. Pazuri kabisa.

Sasa fanya kosa lile ambalo jedwali linakualika ulifanye: tumia 7 bila kuisawazisha. Unapata hezi 14.6, na unaiacha katriji nzuri ukidhani haiufai mkono wako. DL-103 bila kusawazisha inakupa hezi 16. Ukisawazisha inashuka mpaka karibu 12, na ukiongeza gramu chache kwenye hedisheli, yaani kile kibebeo cha mbele, inakaa sawa. Ndiyo maana wenye DL-103 husifia mikono mizito. Ukisoma mtu mmoja akisema katriji hiyo ina besi tele na mwingine akisema ni kavu, kabla ya kuamua nani kiziwi, uliza kila mmoja ameifunga kwenye mkono wa gramu ngapi.

Jambo la mwisho kuhusu mkono ni uzito wa nyuma. Kuna mashine ambazo kile kipande cha chuma cha kusawazisha hakitoshi kwa katriji ya gramu 8.5. Kitabu cha mashine huandika kima cha chini na cha juu. Tafuta namba hiyo kwanza, itakupunguzia nusu ya orodha.

Umeme: milivolti, na kile kitu kwenye waya

Katriji ya sumaku inayocheza na ya koili inayocheza zinafanya kazi ileile kwa kugeuza majukumu. Kwenye ya kwanza kijiti kinachezesha kijisumaku mbele ya koili zilizotulia. Kwenye ya pili koili zenyewe ndizo zinazocheza. Koili inayobebwa na kijiti haiwezi kuwa na nyaya nyingi, kwa hiyo umeme wake ni mdogo. Milivolti 0.3 ni kama sehemu moja ya 18 ya zile za 2M Red. Ukiichomeka kwenye priampu ya kawaida inayokuza mara 100, yaani desibeli 40, utapandisha kitufe mpaka mwisho na kusikia mvumo kuliko muziki. Inataka desibeli 60 hivi, mara 1,000. Kama priampu yako haina swichi ya koili, bei ya DL-103 si bei ya DL-103 tena. Ni hiyo pamoja na priampu nyingine. Zipo katriji za koili zenye volti nyingi, kama DL-110 ya milivolti 1.6, zinazoweza kutumia priampu ya kawaida, lakini hizo nazo ziko upande wa chini.

Upande wa sumaku una jambo ambalo halionekani kwa macho na linabadilisha sauti kuliko watu wanavyodhani. Koili zake nene, zikikutana na kapasitansi (uwezo wa kutunza chaji ya umeme, hupimwa kwa pikofaradi) ya waya na ya priampu, zinatengeneza kilima kwenye sauti za juu, na baada ya kilima ni bonde. Kilima kinakaa wapi? Koili za 2M Red zina induktansi (jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya umeme) ya milihenri 700. Jumla ya kapasitansi ikiwa pikofaradi 150, kilima kiko karibu na kilohezi 15.5, mbali kidogo na maudhi. Ikifika 400, kinashuka mpaka kilohezi 9.5, palepale zinapokaa zile "s" na "sh" za mwimbaji. Katriji ileile! Koili za VM95 zina milihenri 550; kwa pikofaradi 150 kilima chake kiko kilohezi 17.5.

Ortofon inaomba pikofaradi 150 mpaka 300, Audio-Technica 100 mpaka 200. Waya wa kawaida hubeba karibu 100 kwa kila mita, na priampu nyingi huongeza 100 au zaidi juu yake. Fanya jumla yako. Wanaosema Audio-Technica zinachoma masikio mara nyingi wameziunganisha kwa waya mrefu kwenye priampu iliyojaa pikofaradi, na wala hawajui.

Ncha ya almasi

Ukiniambia nina nafasi ya kuchagua kitu kimoja tu, nitachagua umbo la sindano, na mengine yote nitayavumilia.

Tazama santuri inavyozunguka. Inapiga mizunguko 33 na theluthi kwa dakika tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Mwanzoni mwa upande, mfereji unapita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde. Kwenye wimbo wa mwisho, karibu na lebo, unapita kwa sentimita 21. Sauti ya kilohezi 10 iliyochukua nafasi ya mikroni 51 kule nje, huku ndani inabanwa kwenye mikroni 21. Mawimbi yanasongamana.

Sasa ingiza sindano ya koni yenye nusu-kipenyo cha mikroni 16 au 18 kwenye mawimbi hayo. Ni sawa na kupitisha gurudumu la lori kwenye matuta ya baiskeli: inapanda juu ya matuta badala ya kuingia kati yake. Sauti za juu zinapotea, na zinazobaki zinakwaruza. Duaradufu ya kawaida ina ubavu wa mikroni 8 hivi, inaingia vizuri zaidi. Zile ndefu na nyembamba, kama mikrolaini na Shibata, ndizo zinazomaliza kazi. Ubavu wa mikrolaini ya VM95ML ni mikroni 3. Shibata ilibuniwa kule JVC mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu santuri za njia nne za wakati huo zilificha habari kwenye masafa ya juu kuliko sikio, na sindano za kawaida hazikuweza kuzisoma. Santuri zile zilikufa. Sindano ikabaki.

Kwa hiyo njia rahisi kuliko zote ya kulinganisha sindano mbili ni kuruka nyimbo nne za kwanza na kwenda moja kwa moja kwenye wa mwisho. Kwenye wimbo wa kwanza VM95E na VM95ML zinafanana kama mapacha. Kwenye wa mwisho, mwimbaji akisema neno lenye "s", kwenye VM95E unasikia kitu kama mafuta yanayoruka kwenye kikaango. Kwenye VM95ML unasikia "s". Ukisoma uchambuzi wowote wa katriji ambao mwandishi wake hajataja kabisa nyimbo za mwisho, ujue kasikiliza nusu ya santuri.

Sindano nyembamba ina masharti yake. Ikifungwa ikiwa imepinda kidogo, inapoteza faida yote na inaweza kusikika vibaya kuliko koni, ambayo haijali sana pembe kwa sababu ni duara. Na kwa santuri kuukuu mambo huenda pande zote mbili. Sindano nyembamba hugusa ukuta wa mfereji kwa urefu, kutoka juu mpaka chini, hivyo mara nyingine hufika mahali ambapo sindano za zamani hazikuwahi kupakwaruza na santuri uliyoikatia tamaa inafufuka. Mara nyingine inafichua kila dhambi iliyofanyiwa santuri hiyo. Huwezi kujua mpaka uiweke.

Kwa santuri za mizunguko 78, usijaribu hata moja ya hizi. Mifereji yake inataka ncha ya mikroni 76 hivi, zaidi ya mara nne ya ile ya stereo. Ndani ya ukoo wa VM95 ipo inayoitwa SP kwa kazi hiyo.

Saa za maisha

Audio-Technica inasema sindano yake ya duaradufu ya VM95 huishi saa 300, koni 500, Shibata 800, mikrolaini 1,000. Ukisikiliza pande nne kwa siku, dakika 20 kila upande, saa 300 zinaisha kwa siku 225. Saa 1,000 zinakufikisha siku 750, zaidi ya miaka miwili. Kama sindano ya mikrolaini haizidi mara tatu ya bei ya duaradufu, kwa saa unalipa kilekile au chini yake, na nyimbo za mwisho unazipata kama nyongeza.

Lakini Ortofon inasema sindano zake, zikitunzwa na kusafishwa, zinaweza kufika saa 1,000 bila kushuka, hata hizo za duaradufu. Je, almasi ya Denmark ni ngumu mara tatu kuliko ya Japani? La hasha. Mmoja anahesabu mpaka uchakavu fulani, mwingine anahesabu mpaka uchakavu mwingine. Linganisha saa za kampuni moja kwa zenyewe. Ukivuka kwenda kampuni nyingine, weka namba hizo pembeni na uangalie umbo la sindano tu.

Ukifika kwenye kusikiliza

Sasa tunaweza kusikiliza, na tabu ndiyo inaanza. Kubadilisha katriji si kama kubadilisha spika kwa swichi. Nyuma ya katriji kuna vipini vinne vyembamba, na nyaya nne nyembamba kama uzi: nyeupe na buluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Unazichomoa moja moja kwa koleo ndogo, pumzi umeibana, ukiomba kile kiungo kidogo kisikatike. Kisha skrubu. Kisha mizani ya kupima mkandamizo mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Kisha kadi ya kupanga pembe, unaweka sindano kwenye nukta mbili na kuzungusha katriji kwa unywele mpaka ilingane na mistari. Ukiwa na mkono mwepesi, nusu saa imepita. Kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo haidumu nusu dakika.

Hedisheli za kuchomoa zinasaidia sana. Kila katriji inakaa kwenye yake, imeshapangwa, na unabadilisha kwa dakika moja au mbili, ingawa mkandamizo lazima uupange upya. Kama mkono wako haukubali hedisheli za kuchomoa, rekodi. Chezesha wimbo mmoja kwa katriji ya kwanza, urekodi kwenye kompyuta kwa biti 24. Funga ya pili, rekodi tena wimbo huohuo. Halafu linganisha viwango vya sauti mpaka vitofautiane chini ya nusu ya desibeli. Hapo mwombe mtu akuchezee bila kukwambia ipi ni ipi. Mimi nilifanya hivyo kwa katriji zangu mbili, baada ya kuiazima ile niliyoigawa. Katika mara kumi nilipatia sita. Kwa namna hiyo hata sarafu inaweza kuchagua.

Wimbo wa mwisho nao niliujaribu kwa njia hiyohiyo. Hapo niliwahi kuzitofautisha, lakini si kwa ushindi wa dhahiri: kila moja ilikuwa na "s" zake za kuudhi.

Video za kulinganisha mtandaoni zina kazi yake, ila ndogo. Zikiwa zimetumia mkono mmoja, priampu moja na kiwango kimoja cha sauti, zitakuonyesha kuchoma kwa "s", mvumo, na besi iliyovimba. Kama mtengenezaji wa video hajasema amesawazisha sauti, ni sawa na kununua mbuzi kwenye gunia. Na jihadhari na wiki ya kwanza: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mpira wa kijiti hulegea kidogo katika saa za mwanzo, kweli, lakini anayelegea zaidi ni msikilizaji.

Mimi ningechagua hivi

Kati ya VM95E na 2M Red, kama ziko jirani kwa bei, ningechukua VM95E, na sababu haipo kwenye sauti yake ya leo. Kijisanduku cha VM95 ni kimoja kwa sindano zote sita. Unaanza na E, ikichakaa unachomeka ML (mikrolaini) au SH (Shibata) kwa vidole, bila kugusa nyaya wala kupanga pembe upya. Kwenye 2M, kijisanduku cha Red kinapokea sindano ya Blue, ambayo ni bora kweli. Ukitaka Bronze au Black, zenye sindano nyembamba, unaanza upya na kijisanduku kingine, maana koili zake ni tofauti. Na kama mfuko unaruhusu tangu mwanzo, ruka E kabisa, nenda ML.

2M Red ningeipendekeza kwa mtu ambaye priampu yake ina mvumo, kwa sababu zile desibeli 3 za ziada zinaufunika, au kwa mwenye nyaya ndefu asizoweza kuzibadilisha, kwa kuwa inavumilia kapasitansi nyingi zaidi. DL-103 ni kwa mwenye mkono mzito na priampu ya koili tayari nyumbani, anayesikiliza sana waimbaji na ala chache, na ambaye anajua kwamba sindano ikiisha, katriji nzima inarudi kwa fundi au kwa mtengenezaji. Kama katika hayo matatu unalo moja tu, iache.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anapokea katriji iliyofunguliwa. Wengi hawapokei, na kwa haki, maana kijiti kinaharibika kwa kuguswa na kitambaa. Ukiipokea, kabla ya kuifunga, iangalie kwa mbele chini ya taa: kijiti kiwe katikati, kisielemee upande. Piga picha wakati huohuo.

Ile VM95E niliyompa mdogo wangu sasa imevaa sindano ya ML. Nimeiomba mara mbili, nikaahidi kumpa 2M Red pamoja na sindano yake ya akiba. Amesema atafikiria, akaongeza sauti.